Jamaa Mwenye Mhuri

Pale kijiweni kwetu Mtoni kwa Azizi Ally, mtu akizidisha ubishi tunamwambia, "Wewe ni wa Mirembe!" Anacheka, tunacheka, kahawa inaendelea. Haendi Dodoma wala popote, maana sisi hatuna mhuri. Lakini ndugu msomaji, kuna jamaa aliwahi kusema maneno ya namna hiyo juu ya Waafrika wote, na yeye mhuri alikuwa nao.

Aliitwa J. C. Carothers. Aliingia Kenya mwaka 1929, daktari wa kawaida wa serikali ya kikoloni. Mwaka 1938 akakabidhiwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi. Alikuwa amesomea magonjwa ya akili? Wapi! Diploma aliipata Uingereza mwaka 1946, miaka minane baadaye. Kwa hilo mimi simlaumu sana. Alitumwa, akaenda.

Balaa ni alichoandika. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika. Humo alimlinganisha Mwafrika mzima, asiyeumwa kitu, na Mzungu aliyefanyiwa operesheni ya kukata ubongo wa mbele. Mzima, jamani! Na Waafrika aliowachunguza kwa karibu ni wagonjwa wa Mathari. Mengine aliyaokota kwa waandishi wenzake wa kikoloni. Ni sawa na kuhesabu vilema wodini halafu ukatangaza kwamba mji mzima unachechemea.

Mwaka uliofuata serikali ya Kenya ikamtaka aeleze Mau Mau. Kijitabu chake kikatafuta chanzo vichwani mwa Wakikuyu zaidi kuliko kwenye ardhi waliyonyang'anywa, kikashauri watu wakusanywe vijijini. Wazo halikuwa lake peke yake, Waingereza walishalifanya Malaya. Ila sasa lilikuwa na saini ya daktari. Watu zaidi ya milioni moja wakahamishwa kwa nguvu, wakawekwa kwenye vijiji vya ulinzi.

Mwaka huo huo wa 1954, kule Aro, Abeokuta, Nigeria, Dakta Thomas Adeoye Lambo, bingwa aliyesomea kazi hiyo, naye alikuwa na vijiji vyake. Mgonjwa alipanga chumba kijijini pamoja na ndugu yake, mchana akaenda hospitali kutibiwa, jioni akarudi kula na watu. Waganga wa jadi Lambo hakuwafukuza; aliwaita wafanye kazi pamoja.

Mwaka 1973 Lambo akawa Naibu Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, lile lile lililokuwa limechapisha kitabu cha Carothers.