Utafiti wa samaki Kisii na Nyamira: nani hugharamia?

Kisii na Nyamira hazina ziwa. Huko samaki hufugwa vidimbwini. Mwaka 2009, kupitia mpango wa kufufua uchumi, Serikali ilifadhili uchimbaji wa vidimbwi 200 katika kila mojawapo ya maeneobunge 140 nchini, na wakulima wa Gusii wakanufaika.

Utafiti wa ufugaji huo hufanyika katika kituo cha Kegati, Kisii, kilicho chini ya Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi (KMFRI), shirika la Serikali Kuu. Huduma za nyanjani kuhusu uvuvi, kwa upande wake, zilikabidhiwa kaunti na Katiba ya 2010. Hivyo mtafiti na afisa wa nyanjani hutegemea bajeti mbili tofauti.

Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 iliunda Hazina ya Kitaifa ya Utafiti, ikiagiza itengewe asilimia 2 ya pato la taifa. Mgao halisi umekuwa chini mno.

Mkulima anayetoa kidimbwi chake kwa majaribio huchangia ardhi, maji na jasho. Ufadhili wa haki sharti ubainishe mapema nani atanunua chakula, nani atafidia samaki wakifa, na lini mkulima ataletewa matokeo.