Daftari la Makosa

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huu huelekezwa kwa wafanyabiashara, lakini historia ya kompyuta yatuonyesha kwamba hata elimu ni mali ya namna hiyo. Baadhi ya watu waliojifunza kuandika programu wakati fani hiyo ilipokuwa changa, na hata bingwa mmoja aliyewafuata, waliweka daftari la kila siku, wala hawakuona haya kuandika humo makosa yao.

Tarehe 9 Septemba 1947, katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, mashine ya kukokotoa iliyoitwa Mark II iliharibika. Mafundi walipochunguza walimkuta nondo amenaswa katika swichi mojawapo. Hawakumtupa. Walimbandika kwa utepe katika ukurasa wa daftari la siku hiyo, wakaandika saa na mahali alipopatikana. Wahandisi walikuwa wamezoea tangu zamani kuita hitilafu "mdudu". Thomas Edison alilitumia neno hilo mwaka 1878. Ndiyo maana mafundi wale walilifanyia tukio hilo mzaha. Ukurasa wenyewe umehifadhiwa hadi leo katika makumbusho ya Smithsonian, mjini Washington.

Nchini Uingereza, tarehe 6 Mei 1949, kompyuta ya EDSAC ya Chuo Kikuu cha Cambridge ilifanya kazi kwa mara ya kwanza. Ilichapa jedwali la vipeo vya pili vya namba kuanzia 0 hadi 99, na daftari la mashine likaandika muda uliotumika: dakika 2 na sekunde 35. Hiyo ilikuwa siku ya furaha. Lakini Maurice Wilkes, aliyeongoza kazi hiyo, alipojaribu kuandika programu ngumu zaidi, alikutana na jambo ambalo hakulitarajia. Programu yake yenye mistari 126 ilikuwa na makosa yapatayo 20. Katika kitabu cha maisha yake kilichotolewa mwaka 1985, alieleza jinsi alivyotambua, akiwa katika ngazi za jengo lao, kwamba sehemu kubwa ya umri uliombakia ingepita katika kutafuta makosa aliyoyafanya mwenyewe.

Aliyeitimiza desturi hii ni Donald Knuth wa Chuo Kikuu cha Stanford. Mwaka 1977, hali amekwisha kuwa mtaalamu mwenye sifa duniani, alianza kutunga TeX, programu ya kupanga maandishi ya vitabu. Tangu mwaka 1978 aliandika katika daftari kila badiliko alilolifanya na kila kosa alilolirekebisha. Baada ya miaka kumi yalikuwa zaidi ya 850. Aliyagawa katika mafungu 15: makosa ya kuchapa, ya kusahau, ya kufikiri vibaya, na mengineyo. Kisha, mwaka 1989, akayachapisha yote hadharani. Bingwa hakupungukiwa na heshima kwa kufanya hivyo, alizidi kuheshimiwa.

Tukiitazama historia hii sisi waalimu, tunalo la kujiuliza. Mara ngapi mwanafunzi wetu aliyeandika "kitabu yangu" hufuta haraka kabla hatujafika kwenye dawati lake? Karatasi hubaki safi, lakini kosa hubaki kichwani, na wiki ijayo huandika "kiti yangu". Anayejifunza kuandika programu naye hupata kishawishi hicho hicho: hubadilisha mstari huu na ule mpaka mashine ikubali, kisha asijue ni badiliko gani lililomwokoa.

Daftari la kila siku halihitaji maneno mengi. Yatosha kuandika tarehe, jambo lililokusudiwa, jambo lililotokea, na sababu yake ikishajulikana. Baada ya mwezi mmoja mwanafunzi ataona mwenyewe kosa lipi humrudia, kama Knuth alivyoona yake. Hapo kosa huacha kuwa aibu, likawa somo.

Kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Lakini atajuaje kwamba amerudia, yule ambaye hakuandika?