SAFARI YETU YA VISIWANI: TUTAZAME MWEZI KABLA YA KALENDA



Katika kikao cha mwisho cha halmashauri ilikatwa shauri kwamba mkutano wetu wa mwaka ujao usiishie katika ukumbi wa shule kama ilivyo desturi, bali twende pamoja kwa vyombo kutoka Lamu mpaka Pate, Siyu na Faza. Jambo hilo limepokewa kwa furaha kubwa. Waliojiandikisha mpaka sasa ni 34, na miongoni mwao wamo ndugu zetu wa bara ambao hawajapata kupanda chombo cha baharini maisha yao yote. Nami, kwa kuwa nilizaliwa Lamu na nimesomesha historia kwa miaka mingi, nimeombwa niandike habari za miji tutakayoizuru, ili watu wasiende kama vipofu.

Kazi hiyo nimeikubali. Lakini nilipokaa kuandika, niliona kwamba historia ya visiwa vile haiwezi kutengwa na maji yake, na kwamba maji hayo yanahusu sana ratiba tuliyoletewa. Ratiba inasema tuondoke Lamu siku ya Jumamosi, saa 4 asubuhi, baada ya chai. Nimeitazama Jumamosi hiyo katika kalenda ya mwezi. Itakuwa mwezi 16, yaani bamvua. Basi naomba mnisikilize kidogo, kwanza katika historia, kisha katika ratiba.

Kwanza tuelewe mahali penyewe. Lamu, Manda na Pate ndivyo visiwa vikubwa vya fungu lile, na kaskazini yake viko Ndau na Kiwayu. Mwenye kutoka Lamu kwenda Pate ana njia mbili. Ya kwanza ni ya nje, kupita Shela na kuingia bahari kuu. Njia hiyo ina maji marefu, lakini wakati wa kusi mawimbi yake si mchezo, wala si ya kuwapeleka wazee wenye magonjwa ya mgongo. Njia ya pili ni ya ndani, kupitia Mkanda, mfereji mwembamba uliopo baina ya Manda na bara. Huko hakuna mawimbi. Kuna mikoko kushoto na kulia, na chini yake matope na mchanga. Tangu kale watu wa Lamu wamejua kwamba Mkanda ni njia ya maji kujaa. Nahodha aliyefika hapo maji yakipwa alitia nanga akangoja.

Kwa faida ya ndugu wa bara nieleze utaratibu wa maji. Katika pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na kila siku huchelewa kwa kiasi cha dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku moja mbili baadaye, maji hujaa sana na kupwa sana, ndiyo bamvua. Hapo tofauti ya kina baina ya kujaa na kupwa hukaribia mita 3. Mwezi unapokuwa nusu, maji huwa mafu, hayajai sana wala hayapwi sana. Na liko jambo moja ambalo kila mtoto wa Lamu hulijua bila ya kufundishwa darasani: siku za bamvua maji hujaa alfajiri na jioni, kwenye saa 10 na saa 11, na hupwa kabisa asubuhi, kwenye saa 4 na saa 5. Haya, turudi sasa kwenye ratiba yetu tuone chai itakwisha saa ngapi.

Wazee wetu walijenga maisha yao juu ya hesabu hii. Chombo chao mashuhuri kilikuwa mtepe, ambao mbao zake zilishonwa kwa kamba za nazi bila ya msumari hata mmoja, na tanga lake lilikuwa la mkeka. Mtepe haukushindana na maji. Ulipogusa fungu ulilegea kidogo badala ya kupasuka, na ulipopwelewa mabaharia walingoja. Mitepe ilitoweka mwanzoni mwa karne ya 20, lakini hekima yake haijatoweka. Tazameni pia Takwa, mji wa magofu ulioko Manda, uliokaliwa katika karne ya 16 na 17. Ukiwa Lamu waufikia kwa hori ya mikoko ambayo hupitika maji yakijaa tu. Mgeni wa Takwa, awe rafiki au adui, alikuja kwa saa iliyokubaliwa na bahari.

Si kila mji ulipata ulinzi huo. Faza, tutakakolala, ulionja uchungu mwaka 1587. Mwaka uliotangulia Mir Ali Bey, nahodha wa Kituruki, alikuja pwani yetu, na miji kadhaa ikamuunga mkono dhidi ya Wareno. Wareno walipeleka manowari kutoka Goa chini ya Martim Afonso de Melo ili kulipiza kisasi. Waliuvamia Faza, wakamuua mfalme wake, wakaua watu wengi na kuikata minazi ya mji. Mtu atakayesimama Faza na kuiona minazi iliyopo leo, akumbuke kwamba mji ule uliwahi kufutwa, na wenyewe wakaujenga upya.

Sasa nije katika kisa kilicho kikubwa kupita vyote, nacho ni vita vya Shela, vilivyopiganwa mnamo mwaka 1813 hivi. Wakati huo Pate ilitaka kuitawala Lamu, na Lamu haikutaka kutawaliwa. Pate ikashirikiana na Wamazrui wa Mombasa, na majeshi yao pamoja yakaja kwa vyombo, yakashuka Shela, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Lamu. Watu wa Lamu walitoka wakawakabili, wakawasukuma nyuma mpaka pwani. Hapo wavamizi walitaka kujitupa katika vyombo vyao na kutweka. Lakini masimulizi ya Lamu yanatueleza kwamba maji yalikuwa yamekwisha kupwa. Vyombo vilikuwa vimelala juu ya mchanga. Askari walikuwa na watu mbele na vyombo visivyokwenda nyuma, na wengi sana waliuawa pale pale ufukweni.

Ndugu zangu, fikirini matokeo yake. Lamu ilishinda, lakini iliogopa kisasi. Kwa hiyo iliomba ulinzi wa Seyyid Said wa Oman, naye akaleta liwali na askari. Ngome ya Lamu, ambayo sisi sote tutapiga picha mbele yake, ilimalizwa katika miaka ile, kufikia 1821. Mombasa nayo ilianguka mikononi mwa Seyyid Said mwaka 1837, na nguvu za Wamazrui zikaisha. Sisemi kwamba haya yote yaliletwa na maji kupwa peke yake. Siasa za pwani zilikuwa na mizizi mingi. Lakini mlango ulifunguliwa Shela, na waliofunguliwa mlango huo walikuwa majirani wa bahari ile ile, watu waliojua kujaa na kupwa tangu utotoni. Ujuzi walikuwa nao. Kilichowapoteza ni kudhani kwamba watashinda mapema, na kwamba maji yatawasubiri.

Kisa cha tatu ni cha Siyu. Mji huu uko ndani ya kisiwa cha Pate, na njia yake ya baharini ni hori nyembamba yenye mikoko, ambayo chombo kikubwa hakiwezi kuipita. Siyu ulisifika kwa wanazuoni, kwa wanakili wa misahafu, na kwa mafundi wa ngozi na mbao. Ulisifika pia kwa ukaidi. Kati ya 1843 na 1845 Seyyid Said, aliyekuwa bwana wa pwani karibu yote, alipeleka majeshi dhidi ya Siyu chini ya Bwana Mataka. Kwa kuwa manowari hazikuweza kuufikia mji, askari walishuka Faza wakaenda kwa miguu. Watu wa Siyu wakawavizia njiani. Amiri wa Seyyid Said aliuawa, na jeshi likarudi limevunjika. Siyu haukukubali kabisa utawala wa Unguja mpaka mwaka 1863, katika zama za Seyyid Majid. Mji mdogo, wenye ngome moja na hori moja ya matope, ulimsumbua sultani mwenye manowari kwa miaka 20.

Nadhani sasa yaeleweka kwa nini sikuweza kuandika historia nikainyamazia ratiba. Jumamosi mwezi 16, saa 4 asubuhi, Mkanda utakuwa umekauka, nasi 34 tutakaa juani ndani ya vyombo mpaka alasiri. Tukipita alasiri, tutafika upande wa pili na giza. Wenzetu watatu wana umri wa zaidi ya miaka 80. Hawa hawawezi kushushwa katika matope ya magoti wabebwe mabegani. Jambo hili si la kufanyia dhihaka.

Basi napendekeza hivi. Tuondoke Jumanne, mwezi 19, badala ya Jumamosi. Siku hiyo maji yatajaa kwenye saa 1 asubuhi. Tutaondoka Lamu saa 12, kukiwa kumepambazuka, na tutaingia Mkanda maji yangali yakijaa. Hii ndiyo kanuni ya manahodha wote wa visiwani: penye maji haba ingia wakati wa kujaa. Ukigusa mchanga, baada ya muda mfupi maji yatakuinua. Ukigusa wakati wa kupwa, umepwelewa, na utakaa hapo mpaka maji mengine. Baada ya Mkanda tutavuka Ghuba ya Manda, yenye maji marefu. Upande wa bara wa ghuba hiyo ndiko ilikojengwa bandari mpya ya Lamu, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Tutashuka Mtangawanda, na wenye miguu wataelekea mji wa Pate kutazama magofu na mashamba ya tumbaku. Saa 9 na nusu alasiri, maji yakijaa tena, tutakwenda Faza na kufika kabla ya magharibi.

Jumatano tutakwenda Siyu kwa nchi kavu kutoka Faza, kwa upande ule ule waliokuja majeshi ya Seyyid Said, ila sisi tutakuwa tumekwisha kuwaandikia wenyeji na kuomba chakula cha mchana. Alhamisi, mwezi 21, maji yatajaa karibu na saa 3 asubuhi. Tutaondoka Faza saa 12 na nusu, na tutaupita Mkanda karibu na kilele cha maji. Adhuhuri tutakuwa Lamu.

Yako mambo mengine manne. Kwanza, tukodi vyombo vitatu vidogo, wala si kimoja kikubwa, ili kimoja kikikwama vingine viweze kusaidia. Pili, kila mtu awe na jaketi la kuokolea maisha, naye alivae. Asilikalie kama mto. Tatu, katibu aandike mapema afisi ya serikali ya Lamu kuuliza habari za usalama na kibali. Nne, manahodha wawe wenyeji wa Pate au Lamu, na mmoja wao awe mkubwa wa safari nzima. Manahodha wengi chombo huenda mrama. Mkubwa huyo akisema leo hatuondoki, mwenyekiti wetu na mimi na wastaafu wote wenye vyeo tutatia mizigo chini tunyamaze.

Najua ubaya wa Jumanne. Wenzetu walio kazini itawabidi waombe likizo ya siku tatu, na wengine wameniambia wazi kwamba hawatapewa. Naliona zito hilo, maana safari bila ya vijana wetu itakuwa safari ya bakora tupu. Lakini nimehesabu: Jumamosi inayofuata ni mwezi 23, maji mafu, na ile ya baada yake ni bamvua tena, yenye saa zile zile mbaya. Kwa hiyo naomba halmashauri itangaze tarehe mapema, mwaka mzima kabla, ili kila mwajiri apate barua kwa wakati. Likizo yaweza kuombwa kwa barua, lakini maji hayaandikiwi barua.

Kura itapigwa katika kikao kijacho. Wasioweza kuhudhuria wamwandikie katibu, wakitaja ni Jumanne au Jumamosi. Na atakayepigia kura Jumamosi, namwomba kwanza aende ufukwe wowote ulio karibu naye siku ya mwezi 16, saa 4 asubuhi, asimame atazame bahari imekwenda wapi.