Kihispania, Kahawa na Lugha za Wenyeji: Historia ya Shule za Lugha na Jamii Zake nchini Guatemala katika Karne ya 20

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya shule za kuwafundishia wageni Kihispania nchini Guatemala, pamoja na jamii zilizohusiana nazo, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi mwisho wa karne ya 20. Shule mbili zimeteuliwa kuwa mifano: Proyecto Lingüístico Francisco Marroquín ya mjini Antigua na Proyecto Lingüístico Quetzalteco ya mjini Quetzaltenango. Hoja kuu ni kwamba umuhimu wa kihistoria wa shule hizi unapimwa kwa mambo mawili: nani alimiliki mapato yake, na habari zake zilimfikia nani. Makala yanahitimisha kwa kupendekeza namna ya kuzisoma habari za shule kama chanzo cha historia.

1.0 Utangulizi

Kihispania kiliingia Amerika ya Kati kwa upanga. Tangu uvamizi wa mwaka 1524, ndicho kilichokuwa lugha ya mahakama, ya hati za ardhi na ya amri za watawala, ilhali wenyeji waliendelea kusema lugha zao majumbani, mashambani na sokoni. Chuo cha Lugha za Kimaya cha Guatemala kinatambua lugha 22 za Kimaya nchini humo, zikiwemo K'iche', Mam, Kaqchikel na Q'eqchi'. Kwa karne nne na zaidi, mwenye Kihispania alikuwa na njia ya kwenda kwa hakimu. Asiyekuwa nacho alisimama nyuma ya mkalimani.

Katika mazingira hayo, linazuka swali linalostahili kujibiwa na mwanahistoria. Iliwezekanaje lugha ya mtawala, ilipouzwa kwa wageni kama somo, ikagharimia uhai wa lugha za watawaliwa? Na je, nafuu hiyo ilikuwa na mipaka gani? Maswali haya yanamhusu pia mtafiti wa Afrika Mashariki. Shirika la wamisionari wa Maryknoll, ambalo lilianza kazi Huehuetenango, nyanda za juu za Guatemala, mwaka 1943, lilifika Musoma mwaka 1946, na baadaye huko Makoko likawa na shule ya kuwafundishia wageni Kiswahili. Hata hivyo, ulinganisho una mpaka wake: mgeni aliyejifunza Kiswahili Musoma alijifunza lugha ya Kiafrika, bali mgeni aliyejifunza Kihispania Guatemala alijifunza lugha ya waliowashinda wenyeji.

2.0 Usuli: Ardhi, Kahawa na Vita

Historia ya shule hizi haieleweki bila historia ya kahawa. Baada ya mageuzi ya kiliberali ya mwaka 1871, serikali ya Justo Rufino Barrios iliifanya kahawa kuwa mhimili wa uchumi. Ardhi nyingi za jumuiya zilihamia mikononi mwa wenye mashamba makubwa, na Amri Na. 177 ya mwaka 1877 ikahalalisha utaratibu wa kuwapeleka wenyeji mashambani kwa nguvu au kwa kuwafunga kwa madeni. Utumwa wa madeni ulifutwa mwaka 1934 chini ya Jorge Ubico, lakini nafasi yake ilichukuliwa na sheria ya uzururaji: mwanamume asiye na ardhi ya kutosha alilazimika kuthibitisha kwamba amefanya kazi mashambani kwa idadi maalumu ya siku kila mwaka. Msomaji anayeijua historia ya manamba na kipande hatahitaji maelezo marefu.

Mapinduzi ya mwaka 1944 yalifungua kipindi cha miaka kumi cha mageuzi. Amri Na. 900 ya mwaka 1952, iliyotolewa chini ya Rais Jacobo Árbenz, iliruhusu mashamba makubwa yasiyolimwa kutwaliwa na kugawiwa wakulima. Mwaka 1954 Árbenz alipinduliwa kwa operesheni iliyoandaliwa na shirika la ujasusi la Marekani, na ugawaji huo ukabatilishwa. Vita vya ndani vilianza mwaka 1960 vikadumu hadi mkataba wa amani wa tarehe 29 Desemba 1996. Tume ya Ufafanuzi wa Kihistoria, katika taarifa yake ya mwaka 1999, ilikadiria kwamba zaidi ya watu 200,000 waliuawa au walitoweshwa. Miongoni mwa wahanga waliotambuliwa kikamilifu, asilimia 83 walikuwa Wamaya. Na asilimia 93 ya ukiukaji uliorekodiwa ulihusishwa na vyombo vya dola na makundi ya wanamgambo yaliyoshirikiana navyo.

3.0 Antigua: Ada za Wageni na Isimu ya Kimaya

Proyecto Lingüístico Francisco Marroquín ilianzishwa mjini Antigua mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970. Jina lake linamkumbuka askofu wa kwanza wa Guatemala, aliyejishughulisha na lugha za wenyeji katika karne ya 16. Mpango wake ulikuwa rahisi kuuelezea ingawa mgumu kuutekeleza. Wageni wangelipa ada ili wafundishwe Kihispania, mwalimu mmoja kwa mwanafunzi mmoja, huku wakikaa na familia za mjini. Mapato hayo yangesaidia kuwafunza wasemaji wa lugha za Kimaya taaluma ya isimu ili waandike kamusi na sarufi za lugha zao wenyewe.

Upya wa mpango huu unaonekana ukiwekwa kando ya uliotangulia. Tangu William Cameron Townsend alipoanza kazi miongoni mwa Wakaqchikel mwishoni mwa muongo wa 1910, uchunguzi wa lugha hizi ulikuwa umetawaliwa na wamisionari wa Kiprotestanti kutoka Marekani, waliolenga hasa tafsiri ya Biblia. Tahajia zao ziliegemea Kihispania kwa nia ya kumwezesha msomaji kuvuka kwenda katika lugha hiyo. Mjini Antigua, wanaisimu kama Terrence Kaufman na Nora England waliwafundisha makumi ya Wamaya fonolojia, mofolojia na uundaji wa kamusi. Kaufman alipendekeza tahajia iliyojengwa juu ya mfumo wa sauti wa lugha za Kimaya zenyewe. Mtoa habari wa jana akawa mchambuzi.

Hatua iliyofuata ndiyo yenye uzito zaidi kwa hoja ya makala haya. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1970, katika kipindi kilichoshuhudia tetemeko la tarehe 4 Februari 1976 lililoua watu wapatao 23,000, uongozi wa taasisi ulikabidhiwa kwa Wamaya wenyewe. Shule ya Kihispania ikawa mali ya watu ambao wengi wao Kihispania kilikuwa lugha yao ya pili.

Matunda yake yalivuka kuta za shule. Watu waliopata mafunzo huko walikuwa miongoni mwa waliosukuma mbele harakati za lugha katika miaka ya 1980. Mwaka 1987 serikali iliidhinisha alfabeti moja ya lugha za Kimaya, yenye mwelekeo wa tahajia ya wanaisimu badala ya ile ya wamisionari. Mwaka 1990 Bunge lilipitisha Amri Na. 65-90 iliyokipa Chuo cha Lugha za Kimaya hadhi ya taasisi huru ya kisheria. Haidhaniwi kwamba ada za wageni pekee ndizo zilizoleta ushindi huo. Lakini bila chanzo cha fedha kisichotegemea serikali wala kanisa, ni vigumu kuona kizazi hicho cha wanaisimu kingefunzwa wapi.

4.0 Quetzaltenango: Darasa kama Njia ya Habari

Proyecto Lingüístico Quetzalteco ilianzishwa mwaka 1988 mjini Quetzaltenango, ambao wenyeji huuita Xela. Rais wa kiraia, Vinicio Cerezo, alikuwa ameingia madarakani mwaka 1986, lakini jeshi halikuwa limeachia nguvu zake. Shule ilijipanga kwa uendeshaji wa kiushirika, na malengo yake yalikuwa ya wazi: mwanafunzi asome kitenzi asubuhi, kisha asikilize mhadhara kuhusu ardhi, vyama vya wafanyakazi au haki za binadamu.

Ili kuelewa uzito wa ratiba hiyo, yafaa kukumbuka bei ya habari katika nchi hiyo. Mwanaanthropolojia Myrna Mack aliuawa kwa kuchomwa kisu tarehe 11 Septemba 1990, baada ya kuchunguza hali ya wakimbizi wa ndani. Askofu Juan Gerardi aliuawa tarehe 26 Aprili 1998, siku mbili tu baada ya kutangaza ripoti ya Kanisa Katoliki kuhusu ukatili wa vita. Mahali ambapo kukusanya ushuhuda kuliweza kugharimu uhai, mgeni aliyeketi darasani akisikiliza, kisha akarudi kwao na alichokisikia, alikuwa chombo cha kuvusha habari.

Sehemu kubwa ya wanafunzi wa shule za aina hii walitoka Marekani, nchi ambayo serikali yake ilihusika na mapinduzi ya mwaka 1954. Tarehe 10 Machi 1999, Rais Bill Clinton akiwa mjini Guatemala alikiri kwamba kuunga mkono vikosi vilivyofanya ukatili lilikuwa kosa. Kauli hiyo ilifuata ripoti ya Tume na miaka mingi ya shinikizo la makanisa, mashirika na raia. Shule za lugha zilikuwa kijito kimoja katika mto huo.

5.0 Nuevo San José na Fátima: Shule Katikati ya Kahawa

Mwaka 1997 shule ya Quetzaltenango ilifungua tawi la mashambani, Escuela de la Montaña, katika eneo la Colomba. Jirani zake ni jamii za Nuevo San José na Fátima, zilizoundwa na familia zilizokuwa vibarua wakaazi katika mashamba ya kahawa, zikaondoka baada ya migogoro ya kazi na madai ya ujira.

Kibarua mkaazi alipata kazi na kibanda kutoka kwa mkono mmoja, hivyo alipopoteza kazi alipoteza na paa. Mfumo wa kimataifa wa kudhibiti mauzo ya kahawa ulipovunjika mwezi Julai 1989, bei iliporomoka. Wakulima wadogo wa Kilimanjaro na Kagera waliionja shubiri hiyo, lakini walibaki na vihamba na migomba yao. Kibarua wa Colomba hakuwa na kihamba cha kurudia. Ndiyo maana kuondoka shambani na kupata kiwanja chenye jina la familia lilikuwa tukio la kihistoria, hata kama kiwanja chenyewe hakikutosha kwa kilimo.

Katika mazingira hayo, wanafunzi hulala shuleni lakini hula katika nyumba za wanajamii, na malipo ya chakula huingia moja kwa moja katika kaya. Kwa mama anayepika, hiki ni kipato kisichotegemea msimu wa kuchuma kahawa. Hata hivyo, kipato hicho kina utegemezi wake: chombo cha kukwepa soko la kahawa kinaning'inia kwenye soko la utalii.

6.0 Habari za Shule kama Chanzo cha Historia

Shule hizi zina desturi ya kuwapelekea wanafunzi wa zamani habari za walimu na za jamii jirani. Nyaraka hizo zina thamani kwa sababu hurekodi mambo ambayo magazeti ya mji mkuu huyapuuza: ujira wa siku, mradi wa maji, mtoto aliyefika sekondari, mvua iliyokata barabara. Mtafiti anapaswa kuzisoma kwa tahadhari tatu.

Kwanza, ziliandikwa kwa wafadhili na wanafunzi watarajiwa, hivyo zina mwelekeo wa kuonesha umoja na kuficha ugomvi. Pili, zilitolewa kwa Kihispania au Kiingereza. Sauti ya msemaji wa Mam au K'iche' hupita mikono miwili kabla ya kumfikia msomaji, na kila mkono huacha alama. Tatu, ukimya wa habari za miaka ya vita usichukuliwe kuwa dalili ya utulivu. Jina lisiloandikwa huenda lilihifadhiwa ili mwenye jina abaki hai.

Liko pia pingamizi zito zaidi. Katika hotuba yake ya mwaka 1968, Ivan Illich, aliyeendesha kituo cha lugha huko Cuernavaca, Mexico, aliwataka vijana wa Marekani wasije Amerika ya Kilatini kama watoa misaada. Kwa mantiki hiyo, shule ya lugha inaweza kumfanya mgeni ajione mkombozi baada ya wiki tatu za vitenzi. Pingamizi hili lina nguvu pale ambapo mgeni ndiye mpangaji. Linapungua makali pale ambapo mwenyeji ndiye mwalimu, ndiye mwenye ratiba na ndiye mpokeaji wa ada, kwa kuwa hapo mgeni hana cha kutoa ila karo na masikio yake.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba shule za Kihispania za Guatemala zilitumia lugha ya mtawala kwa namna mbili: Antigua iligharimia isimu ya Kimaya, na Quetzaltenango ikavusha habari na kipato. Katika hali zote mbili, kilichoamua matokeo ni umiliki. Mafanikio hayo hayakuondoa ukuu wa Kihispania. Katika kura ya maoni ya tarehe 16 Mei 1999, mapendekezo ya mabadiliko ya katiba, yakiwemo ya kuzitambua lugha za wenyeji, yalikataliwa, huku chini ya mpiga kura mmoja kati ya watano akijitokeza. Sheria ya Lugha za Taifa ilipatikana baadaye, mwaka 2003, lakini Kihispania kikabaki lugha rasmi pekee kwa mujibu wa katiba. Kazi iliyobaki kwa watafiti ni kukusanya habari za shule hizi kabla hazijapotea, na kuziweka kando ya masimulizi ya wazee wa Nuevo San José na Fátima, yakirekodiwa katika lugha watakayoichagua wao.