Lango Moja, Mikondo Mingi: Elimu ya Umma katika Mji wa Chuo Kikuu

Wanaoandika kuhusu usawa wa elimu nchini Marekani wamezoea picha mbili: shule ya katikati ya jiji iliyochakaa, na shule ya kitongoji cha matajiri iliyojitenga na wengine. Shule ya Sekondari ya Evanston Township, iliyo kaskazini mwa Chicago, haimo katika picha yoyote kati ya hizo, na ndiyo maana inastahili kuchunguzwa. Mji mzima una shule moja tu ya sekondari ya umma. Mtoto wa profesa wa Chuo Kikuu cha Northwestern, mtoto wa wakili anayeishi kando ya Ziwa Michigan na mtoto wa dereva wa basi wote huingia katika jengo lilelile la Dodge Avenue, lililofunguliwa mwaka 1924. Wanafunzi hupita 3,500. Wazungu hawafiki nusu, Weusi ni kama robo, na Walatino ni kama mmoja katika kila watano. Fedha zipo, maabara zipo, walimu waliosoma wapo. Kama kuwachanganya watoto na kuwapa nyenzo kungetosha kuziba pengo la ufaulu kati ya makundi hayo, hapa lingekuwa limezibwa zamani.

Halijazibwa. Hoja yangu ni kwamba lango moja haliondoi mchujo wa kitabaka. Huuhamishia ndani ya jengo, ambako ni vigumu kuuona na ni rahisi kuuita matunda ya bidii. Msomaji wa Tanzania amezoea mchujo wa wazi: mtihani wa darasa la saba humpeleka mmoja shule teule kama Ilboru na mwenzake shule ya kata, na kila mtu anajua nani kaenda wapi. Evanston wote huenda mahali pamoja, kisha hutenganishwa na ratiba ya masomo.

Viongozi wa shule hiyo hawakulifumbia macho jambo hili. Mwaka 1999 Allan Alson, aliyekuwa mkuu wa wilaya ya shule, yaani mamlaka inayoiendesha shule hiyo, aliongoza kuanzishwa kwa mtandao wa wilaya zilizotaka kujua kwa nini wanafunzi wao Weusi na Walatino walibaki nyuma ya Wazungu katika shule zilizosifiwa kuwa bora. Ukiiangalia orodha ya wanachama wa mwanzo unakutana na Ann Arbor, Berkeley na Chapel Hill: miji ya vyuo vikuu. Sioni kuwa hiyo ni bahati nasibu. Katika miji ya namna hii elimu ndiyo mali kuu ya tabaka linalotawala, na mzazi msomi huirithisha kwa ustadi kuliko tajiri anavyorithisha duka. Anajua mwalimu yupi aombwe, mtihani upi wa kujiandalia mapema, somo lipi la hisabati lianzwe darasa la saba ili mtoto afike kwenye kalkulasi kabla ya kumaliza shule. Hakuna hata moja kati ya haya lililo kinyume cha sheria, na shule haiwezi kulikataza.

Hadi mwaka 2011 urithi huo ulipokelewa rasmi siku ya kwanza ya kidato cha kwanza. Somo la fasihi na historia lilikuwa na mikondo. Waliopata alama za asilimia tano ya juu kitaifa katika mtihani wa darasa la nane waliwekwa darasa lao, na wengine waligawanywa chini yao. Aliyechungulia mlangoni aliweza kubahatisha kiwango cha darasa kwa kutazama rangi za nyuso. Desemba 2010 bodi ya shule, kwa pendekezo la mkuu wa wilaya ya shule wa wakati huo, Eric Witherspoon, ilipiga kura kuufuta mkondo wa juu katika somo hilo, na baiolojia ikafuata.

Namna ya utekelezaji ndiyo yenye maana kuliko kura yenyewe. Wanafunzi wote, isipokuwa wale ambao usomaji wao ulikuwa chini sana, waliwekwa darasa moja, kwa mtaala mmoja uliopangwa kwa kiwango cha juu. Hadhi ya juu katika rekodi ya matokeo haikutolewa tena mlangoni. Mwanafunzi aliipata kwa kazi alizofanya ndani ya muhula: insha, mitihani, miradi, akipimwa kwa vigezo vilevile na jirani yake wa dawati. Tofauti si ndogo. Zamani alama ya mtoto wa miaka 13 iliamua aina ya swali atakaloulizwa mwaka mzima. Sasa swali huja kwanza, uamuzi baadaye.

Wazazi wengi walipinga, wakihofia kuwa wenye kasi wangecheleweshwa. Hofu hiyo si ya kudharauliwa, kwani mwalimu anayefundisha viwango vitano kwa pamoja asipopewa muda na mafunzo atafundisha cha katikati tu. Lakini inashangaza kidogo kuikuta imepamba moto katika mji ambao karibu wote huwapigia kura Wademokrati. Usawa una marafiki wengi mpaka uguse ratiba ya mtoto wa nyumbani.

Hata hivyo, wanaoutetea uamuzi wa 2010 nao wanauzidishia uwezo. Alama ya darasa la nane haikuzaliwa darasa la nane. Kwa miongo kadhaa ya karne iliyopita mabenki na madalali wa nyumba waliwasukuma Weusi wa Evanston kuishi Wadi ya Tano, upande wa magharibi. Mwaka 1967 wilaya ya shule za msingi, iliyo tofauti na ile ya sekondari, ilipoondoa ubaguzi, Foster, shule ya wadi hiyo, ilikoma kuwa shule ya mtaa, na watoto wake wakapakiwa mabasi kwenda kusoma mitaa mingine. Kila mtu alisifu mchanganyiko, lakini safari iliwekwa mgongoni mwa watoto Weusi. Halmashauri ya mji ilikuja kukiri madhara ya sera za makazi mwaka 2019 kwa kuanzisha mpango wa fidia, ulioanza kwa dola 25,000 za nyumba kwa kila aliyestahili.

Chuo kikuu nacho kina sehemu yake katika hesabu hii. Shule za umma Marekani hutegemea sana kodi ya majengo, na katika hati ya kodi ya mwenye nyumba wa Evanston wilaya mbili za shule ndizo huchukua zaidi ya nusu ya malipo. Northwestern, mmiliki mkubwa wa ardhi kuliko wote mjini, haitozwi kodi hiyo kwa sehemu kubwa ya ardhi yake: bunge la jimbo la Illinois liliisamehe mwaka 1855, na Mahakama ya Juu ya Marekani ikaulinda msamaha huo mwaka 1879. Chuo kimewahi kuununulia mji gari la zimamoto, na mwaka 2023, kilipohitaji kibali cha uwanja mpya wa michezo, kiliahidi mamilioni ya dola. Hayo ni hisani na mapatano. Kodi ni wajibu. Chuo hikihiki kilianzisha programu ya masomo ya Afrika mwaka 1948, na mwaka 1960 kilimtunuku Eduardo Mondlane shahada ya uzamivu kwa utafiti uliohusu rangi, miaka miwili kabla hajachaguliwa kuiongoza Frelimo, chama cha ukombozi wa Msumbiji, jijini Dar es Salaam. Hakiwezi kudai kuwa hakikujua uzito wa suala la rangi.

Miaka zaidi ya 10 baada ya mikondo kufutwa kidato cha kwanza, shule ilikuwa ikitoa madarasa ya hiari ya masomo ya kiwango cha chuo yaliyokusudiwa wanafunzi Weusi au Walatino, ili wasijikute peke yao chumbani. Wapo walioyaita ubaguzi mpya. Mimi nayasoma kama ungamo la taasisi: mchujo uliofutwa kidato cha kwanza ulikuwa ukijirudia madarasa ya juu, ambako kila mwanafunzi hujichagulia masomo na ushauri wa mzazi una uzito mkubwa.

Mwaka 2022 wilaya ya shule za msingi iliamua kuirudishia Wadi ya Tano shule yake. Mtoto atakayeanzia hapo atahitaji miaka minane au tisa kufika Dodge Avenue, na ni kwa matokeo ya watoto hao, wala si kwa wastani wa mwaka mmoja mmoja, kwamba mageuzi ya 2010 yanapaswa kupimwa.