Ukoga wa Filamu: Uchafu wa Projekta kama Ushahidi wa Historia ya Sinema Afrika Mashariki

Historia ya sinema katika Afrika Mashariki imeandikwa zaidi kwa kuwaangalia waliokaa ukumbini: walitazama nini, walilipa kiasi gani, serikali iliwakataza nini. Chumba kidogo cha nyuma, ambamo opareta alisimama kando ya mashine yenye joto kali, kimeguswa kwa nadra. Makala hii inakiendea chumba hicho kupitia jambo linaloonekana dogo, yaani uchafu uliokusanyika ndani ya projekta, na inashikilia kwamba mikwaruzo iliyoachwa na uchafu huo ni hati ya kihistoria, inayostahili kusomwa kabla haijafutwa.

Uchafu huo si wa aina moja. Lipo vumbi, la kutoka nje na lile linalozaliwa na filamu yenyewe inapolika kwenye kingo na matundu yake. Yapo majivu ya vijiti vya kaboni vilivyotumika kama taa, ambayo hutua juu ya kioo cha kuakisi na kufifisha mwanga. Lakini adui mkubwa ni gelatini, tabaka linalobeba picha. Filamu ya sauti husimama mbele ya taa mara 24 kila sekunde, huku ikibanwa na springi kwenye lango la projekta. Nakala mpya, ambayo gelatini yake bado ina unyevu, hulainishwa na joto na kuacha chembe kwenye reli za lango. Chembe hukauka, hugumu, hunasa nyingine, na hatimaye huilima filamu inayofuata. Kiswahili kina neno linaloufaa mgando huo kuliko istilahi yoyote ya kutoholewa: ukoga, kama ule wa meno. Hata dawa yake inafanana, kwani husuguliwa kwa brashi, na ukikaidi hukwanguliwa kwa kijiti cha mti au cha mfupa. Chuma hakitumiki, kwa sababu reli iliyochubuka hushika ukoga mpya upesi zaidi.

Picha ya filamu ya milimita 35 ina upana wa takriban milimita 22. Ikitupwa kwenye pazia la mita 6, chembe ya sehemu moja ya kumi ya milimita huonekana kubwa kama sentimita 3. Mtazamaji wa kiti cha nyuma kabisa aliiona.

Tatizo hili lilisafiri barabarani mapema. Jaribio la Sinema ya Elimu kwa Wabantu, lililoendeshwa kati ya 1935 na 1937 na L. A. Notcutt na G. C. Latham, lilikuwa na makao Vugiri katika milima ya Usambara. Lilitengeneza filamu 35 za milimita 16, na lori lilizipeleka vijijini Tanganyika na katika makoloni ya jirani. Sauti ilichezwa kwa santuri, ikiwamo ya Kiswahili, hivyo vumbi lilikuwa na milango miwili ya kuingilia: lango la projekta na mifereji ya santuri. Mijadala kuhusu jaribio hilo hupenda kuuliza kama Mwafrika aliielewa picha. Ni swali lenye dharau, na tena pungufu. Lilipaswa kutanguliwa na jingine: picha iliyomfikia ilikuwa katika hali gani?

Mjini Unguja mambo yalikuwa tofauti. Kumbi ziliweza kuonyesha nakala moja jioni ile ile, rili iliyomalizika katika ukumbi mmoja ikikimbizwa kwa baiskeli hadi mwingine. Rili ya kawaida ilidumu takriban dakika 20. Huo ndio uliokuwa mpaka wa muda wa mpanda baiskeli na wa opareta aliyetaka kusafisha lango. Katika mpango huo, uzembe wa chumba kimoja ulilipiwa na watazamaji wa kumbi zote.

Mikwaruzo husomeka. Mstari mnyoofu usiokatika huelekeza kwenye chembe iliyoganda mahali pamoja; madoa yanayorukaruka ni ya vumbi lililosafiri na filamu. Mkwaruzo wa upande wa mgongo wa filamu huonekana mweusi. Ule wa upande wa gelatini, katika nakala nyingi za rangi, huanza kuwa wa kijani, kisha njano, na ukizama zaidi huwa mweupe, kwa kuwa tabaka za rangi huondolewa moja baada ya nyingine. Mtafiti anayejua haya anaweza kukisia nakala ilipita katika mashine za namna gani, na kwa uangalizi gani.

Hapa ndipo sera inapohusika. Miradi ya kuhamishia filamu za zamani kwenye dijitali hupimwa kwa usafi wa picha inayotoka. Mikwaruzo ya mgongo hufichwa kwa kuizamisha filamu katika kimiminika wakati wa kunakili. Iliyobaki hufutwa na programu. Kazi hiyo ina maana kwa mtazamaji, lakini hazina ya taifa ina wajibu mwingine. Kila mkataba wa aina hiyo ungepaswa kudai mambo mawili: nakala ghafi ya dijitali ihifadhiwe kabla ya kusafishwa, na hali ya kila rili iandikwe kwa Kiswahili kwa istilahi zilizokubaliwa, ukoga, vumbi na majivu zikitenganishwa. Maopareta waliobaki, ambao wengi ni wazee sasa, waitwe kuzikagua istilahi hizo kabla hazijapelekwa kwenye mabaraza, kwa maana wao walikuwa na majina yao.