Chupa ya Mjomba

Mjomba wangu alikuwa fundi wa injini za boti pale Manda, wilayani Ludewa. Akiletewa petroli na mtu asiyemjua, hakuimimina kwenye tangi. Alitia maji kwenye chupa ya kioo hadi alama aliyoikwaruza kwa msumari, akaongeza petroli, akatikisa, akasubiri.

"Mpwa, tazama mstari."

Maji yakibaki kwenye alama, petroli haina kitu. Yakionekana kuongezeka, ina etanoli, pombe ile ile iliyomo kwenye ulanzi, ambayo imeikimbia petroli na kuyafuata maji.

Miaka mingi baadaye niligundua kwamba marubani wa ndege ndogo hutumia kipimo hicho hicho. Mwaka 1982, chama cha EAA cha Marekani kilipata kibali cha kutumia petroli ya magari kwenye Cessna 150, kwa sharti kwamba isiwe na etanoli. Mwaka huo huo, ng'ambo ya Ziwa Nyasa, kiwanda cha Dwangwa nchini Malawi kilianza kutengeneza etanoli kwa molasi ya miwa, ichanganywe na petroli ya magari. Malawi haina bahari, bei ya mafuta ilikuwa imepaa mara mbili tangu 1973, na vita vya Msumbiji vilitishia reli zake za kwenda bandarini. Kila lita iliyotoka kwenye miwa ilikuwa ahueni.

Ahueni hiyo, angani, ni hatari. Etanoli hula mipira ya mfumo wa mafuta na hunyonya unyevu. Ziwa liko chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari. Njombe iko karibu mita 2,000. Ndege ikipanda Milima ya Livingstone, tangi hupoa. Petroli iliyobeba maji mengi hushindwa kuyashikilia: maji na etanoli hujitenga, huzama chini, mahali injini inapovutia mafuta. Gari likizimika, utalisukuma kando ya barabara. Rubani atasukuma wapi?

Mjomba alilijua swali hilo bila kupanda ndege. Injini yake iliwahi kuzimika katikati ya ziwa, mwera ukivuma. Yeye na mdogo wake walichota maji botini kwa kopo hadi alfajiri.

Chupa yake ninayo mimi sasa. Alama ya msumari bado inaonekana.